Kauli za Nyumba Kongwe: Tafakuri juu ya Makumbusho ya Miji Midogo Nchini Marekani

Utangulizi

Nyumba kongwe haisemi. Anayesema ni yule aliyeufungua mlango wake, akafuta vumbi, akapanga viti upya na kuandika kibao cha maelezo kando ya kitanda. Ukweli huu ni mwepesi, na pengine ndiyo sababu mgeni anayezuru makumbusho ya miji midogo ya Marekani huusahau mara tu anapovuka kizingiti. Mbao za sakafu hulia chini ya miguu yake, meko huwa na majivu, miwani ya marehemu huwa juu ya meza kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo tu, naye mgeni hudhani kuwa amekutana na kale ana kwa ana. Kumbe amekabidhiwa matini. Matini hiyo ina msimulizi, ina wahusika wakuu na wahusika wajenzi, ina mandhari iliyoteuliwa kwa makini, na ina kimya chake kama ilivyo kwa matini nyingine zote.

Makala haya yanakusudia kuzisoma nyumba hizo kwa zana za uhakiki wa fasihi. Maswali ni matatu: nani anayesimulia, anasimulia kwa kauli gani, na nani aliyekosa kupewa kauli? Neno "kauli" limetumika kwa maana zake mbili, yaani usemi wa mtu, na vilevile umbo la kitenzi linaloonyesha kama mtenda anatajwa au amefichwa. Itadhihirika kwamba maana hizi mbili haziko mbali kama zinavyoonekana. Msomaji anayechukuliwa kuwa kielelezo ni mgeni atokaye Afrika Mashariki, mwenye Kiswahili kinywani, kwa kuwa baadhi ya yale yasiyoandikwa kwenye vibao hivyo yamehifadhiwa katika lugha yake.

Nyumba ya Shujaa kama Sifo

Uhifadhi wa majengo ya kale nchini Marekani haukuanzishwa na serikali ya shirikisho. Mnamo 1853 Ann Pamela Cunningham wa South Carolina aliwaita wanawake wa nchi yake wainusuru Mount Vernon, nyumba ya George Washington iliyokuwa ikichakaa. Mwaka 1858 chama chao kilikubaliana na mwenyewe bei ya dola 200,000. Chama hicho kinaimiliki nyumba hiyo hadi leo, na mfano wake uliigwa na vyama vya historia katika miji mingi. Sheria kuu ya taifa kuhusu uhifadhi wa mahali pa kihistoria ilipitishwa baadaye sana, mwaka 1966.

Chimbuko hili lina athari katika utanzu wenyewe. Nyumba iliyookolewa kwa mapenzi ya shujaa husimulia kama sifo. Humtukuza mmoja, humzungushia vyombo vyake, farasi wake na meza yake ya kuandikia, na kila kitu huwa kivumishi cha jina lake. Sifo haiulizi ni nani aliyemlisha farasi. Washington alipofariki mwaka 1799, Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Kumbukumbu ya kwanza ya makaburi yao ilikuwa bamba dogo la jiwe lililowekwa mwaka 1929. Iliwabidi wasubiri hadi 1983 kupata mnara wa heshima, nao ulibuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, basi, mgeni aliweza kuizuru nyumba nzima na kuondoka akidhani kwamba iliendeshwa na mtu mmoja na mkewe.

Nafsi ya Kwanza na Mipaka Yake

Si nyumba zote zinazosimulia kwa njia hiyo. Huko Plymouth, Massachusetts, kuna makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1947 ambayo yamejenga upya kijiji cha Waingereza waliofika kwa merikebu ya Mayflower mwaka 1620. Mle kijijini waigizaji huvaa mavazi ya karne ya kumi na saba, hulima, hupika, na huzungumza kwa nafsi ya kwanza. Ukimwuliza mmoja wao kuhusu jambo lililotukia baada ya wakati wake, hukutazama kwa mshangao, kwani mhusika wake hajaishi kuliona. Kwa mhakiki wa fasihi hii ni mbinu inayofahamika vyema: msimulizi-mhusika ambaye ujuzi wake umewekewa mpaka na mtunzi. Faida yake ni uhai. Hasara yake ni kwamba msimulizi wa namna hiyo hawezi kuhukumiwa ndani ya hadithi yake mwenyewe. Hajui, na kutojua kwake kunapewa sura ya kutokuwa na hatia.

Hatua chache kutoka hapo mgeni hufika kwenye makao ya Wawampanoag, wenyeji wa nchi hiyo. Hapa mbinu hugeuka. Wahudumu ni watu wa asili wenyewe. Wanaweza kuvaa ngozi na kuchonga mtumbwi kwa moto, lakini hawaigizi mtu yeyote wa kale. Huzungumza kama watu wa leo, wakitumia "sisi" na "wao", na huyaeleza yaliyofuata: maradhi yaliyoifyeka Patuxet kati ya 1616 na 1619 kabla ya Mayflower kutia nanga, kisha vita na kunyang'anywa ardhi. Tofauti hii ya usimulizi ina uzito mkubwa. Waingereza wa kijijini wamegandishwa katika wakati wao. Wawampanoag wamekataa kugandishwa, kwa maana mtu aliyezoea kusemwa kuwa ametoweka hana faida ya kuigiza kutoweka kwake. Mwaka 2020 makumbusho hayo yalibadili jina yakaitwa Plimoth Patuxet, na jina la mahali lililokuwapo kabla ya wageni likaingia langoni. Hata hivyo, jina langoni na sauti ndani ya nyumba ni mambo mawili, na ni wajibu wa msomaji kuyapima mbalimbali.

Mnada wa 1994

Mipaka ya uigizaji ilijaribiwa kwa ukali zaidi Williamsburg. Mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni la Virginia tangu 1699 hadi 1780. Kuanzia 1926, kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo na kwa shauku ya kasisi W. A. R. Goodwin, mji ulirudishwa katika sura ya karne ya kumi na nane, na mamia ya majengo ya baadaye yakabomolewa au kuhamishwa. Nusu ya wakazi wa mji huo wa kikoloni walikuwa weusi. Lakini kwa miongo mingi mgeni aliyetembea katika barabara zile safi hakukutana nao. Waigizaji weusi walianza kupewa nafasi ya kuwasimulia mwaka 1979.

Tarehe 10 Oktoba 1994 idara iliyoshughulikia historia ya Waamerika weusi, ikiongozwa na Christy Coleman, iliigiza hadharani mnada wa watumwa. Watu wanne walinadiwa mbele ya umati mkubwa, naye Coleman mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Vyama vya kutetea haki za weusi vilipinga. Hoja yao haikuwa nyepesi: je, uchungu wa mababu ugeuzwe tamasha la watalii? Mwanamke anayelia jukwaani, akishuka apigiwe makofi? Waliotetea onyesho nao walikuwa na hoja nzito. Mji uliokuwa ukiigiza kila kitu, kuanzia ufundi wa kofia hadi hotuba za uhuru, ulikuwa ukidanganya kwa kutoigiza jambo hili moja. Inajulikana kuwa mmoja wa viongozi waliokuja kupinga alibadili maoni baada ya kuliona onyesho.

Mhakiki hana haja ya kuchagua upande kwa haraka. Mgogoro huu ni ule ule unaojitokeza katika tamthilia yoyote inayobeba mateso ya kweli. Uigizaji huleta ukaribu, nao ukaribu unaweza kuzaa ama maarifa ama burudani, kutegemea nani anatazama. Kilichobadilika mwaka 1994 ni umiliki wa uamuzi: waliochagua kuigiza mnada ule walikuwa wazao wa watu waliowahi kunadiwa. Jambo hilo halimalizi ubishi, lakini linaupa ubishi wenyewe wahusika wanaostahiki kubishana.

Kauli ya Kutendwa

Nyumba zisizo na waigizaji hutegemea kibao cha maelezo na mdomo wa mwongozaji. Hapa ndipo sarufi inapokuwa suala la haki. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2002, Jennifer Eichstedt na Stephen Small walichunguza makumbusho 122 ya mashamba makubwa ya Kusini, wakaona kwamba mengi ama yaliwafuta watumwa kabisa au yaliwataja kwa njia iliyowapunguza. Miongoni mwa mbinu walizozibaini ni kuwaita watumwa "watumishi", na kutumia kauli ya kutendwa. Chakula kiliandaliwa. Matofali yalichomwa. Pamba ilivunwa. Msemaji wa Kiswahili atatambua mara moja kilichokosekana. Lugha yake humwezesha kumrudisha mtenda kwa kiunganishi kifupi mno, "na": chakula kiliandaliwa na fulani. Kiunganishi hicho ndicho kilichodondoshwa katika nyumba nyingi, na kilidondoshwa pamoja na watu.

Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson huko Virginia, ni mfano wa jinsi "na" hiyo inavyoweza kurejeshwa, na wa gharama yake. Jefferson aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Jikoni mwa nyumba hiyo alipika Edith Fossett, aliyejifunza upishi wa Kifaransa katika ikulu ya rais. Mumewe, Joseph, alikuwa mhunzi. Jefferson alipofariki tarehe 4 Julai 1826, wasia wake ulimpa Joseph uhuru, lakini Januari 1827 mali ilipopigwa mnada ili kulipa madeni, Edith na watoto waliuzwa. Mgeni anayesimama mbele ya sufuria za shaba za Monticello akiwa na habari hii hazioni tena kama mapambo ya jiko. Zimepata mtenda.

Habari kama hizi hazikupatikana katika madaftari ya Jefferson peke yake. Mwaka 1993 watafiti wa Monticello walianza kukusanya masimulizi simulizi ya wazao wa watumwa hao, waliotawanyika katika majimbo mengi. Familia nyingi zilikuwa zimehifadhi kwa mdomo nasaba ambazo wanahistoria walizikataa kwa sababu hazikuwa na karatasi. Mashuhuri miongoni mwazo ni nasaba ya Sally Hemings, ambaye wazao wake walisema siku zote kwamba Jefferson alizaa naye. Uchunguzi wa chembechembe za urithi wa mwaka 1998 uliipa nguvu kauli yao, wakfu wa Monticello ukaikubali mwaka 2000, na mwaka 2018 ukafungua chumba cha maonyesho kwa ajili ya Hemings. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanapaswa kulitafakari tukio hili. Kilichoitwa uvumi kwa karne mbili kilikuwa kumbukumbu, na tofauti kati ya majina hayo mawili ilitokana na cheo cha msemaji.

Wapo pia waliofanya kazi ya kurejesha bila kuongeza neno. Mwaka 1992 msanii Fred Wilson alialikwa kupanga upya ghala la chama cha historia cha Maryland, Baltimore. Katika kabati moja la vyombo vya fedha vilivyonakshiwa aliweka pingu za chuma za watumwa. Kibao kilitaja tu kazi za metali za 1793 hadi 1880. Vitu vyote vilikuwa mali ya chama hicho tangu zamani, ila havikuwahi kukaa kabati moja. Fasihi huliita jambo hili usambamba, na hapa lilitosha kuligeuza ghala zima kuwa hoja.

Nguo na Pembe

Hadi hapa mgeni wa Afrika Mashariki amekuwa msomaji wa hadithi ya wengine. Huko Salem, Massachusetts, hali hugeuka. Bandari hii ndogo, ambayo mwaka 1938 ilikuwa mahali pa kwanza kutangazwa na serikali ya shirikisho kuwa eneo la kihistoria la taifa, ilifanya biashara na Unguja kwa miongo mingi. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini Muscat mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi, ambayo ilisafishwa Salem kabla ya kufanywa vanishi. Zilikwenda na nguo nyeupe ngumu ya pamba. Wenyeji wa pwani waliipa nguo hiyo jina la kwao ilikotoka: marekani.

Wanafasihi huijua Salem kwa sababu nyingine. Katika jumba la forodha lililo bandarini Nathaniel Hawthorne alifanya kazi kuanzia 1846 hadi 1849, na dibaji ya riwaya yake ya 1850, The Scarlet Letter, inadai kuwa kisa chote kilitokana na kipande cha nguo kilichookotwa darini mwa jumba hilo. Dai hilo ni la kubuni. Lakini kipande cha nguo ambacho kingestahili zaidi kuokotwa pale ni marekani. Pamba yake ilivunwa na watumwa wa Kusini. Ilifumwa na mabinti wa viwanda vya Massachusetts, ambavyo kimoja chake, huko Lowell, ni makumbusho leo, na mitambo yake bado huendeshwa ili mgeni asikie kishindo kilichowaziba masikio wafumaji. Ikavuka bahari, ikawa fedha ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ikanunua pembe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikatiza biashara hiyo, lakini neno likabaki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ilikuwa sehemu ya kilichokula.

Pembe hizo zilifuata njia hadi bonde la mto Connecticut. Katika miji ya Deep River na Ivoryton, ambao jina lake limetokana na pembe za ndovu, viwanda vilikata pembe kuwa vipande vyembamba, vikavianika juani ndani ya vibanda vya vioo hadi viwe vyeupe, kisha vikavibandika kwenye funguo za piano. Chama cha historia cha Deep River kina makao katika nyumba ya mawe ya mwaka 1840, nyumba ya kawaida ya mji mdogo, na hapo kumbukumbu za kazi hiyo zimetunzwa. Mji huo una haki ya kujivunia jambo jingine pia. George Read, mmoja wa waasisi wa kiwanda hicho, alikuwa mpinga utumwa aliyempokea mtoro Daniel Fisher, akamsaidia kuishi huru kwa jina la William Winters. Mtu mmoja, basi, alimfungulia mlango mtumwa wa Kusini huku akinunua pembe zilizotoka katika nchi ambako biashara ya pembe na biashara ya watu zilisafiri njia moja. Mhusika wa namna hii angehitaji mwandishi wa riwaya. Kumwita mnafiki ni kumrahisisha, na kumwita mtakatifu ni kumrahisisha vilevile. Aliiona dhuluma iliyobisha mlangoni kwake. Ile iliyokuja ndani ya shehena hakuiona, au hakuuliza.

Hata hivyo, toba nayo ina hatari yake. Ernst Moore, aliyenunua pembe Unguja kati ya 1907 na 1911 kwa niaba ya biashara hiyo, alichapisha mwaka 1931 kitabu kilichoiita pembe balaa la Afrika. Katika masimulizi ya aina hiyo kila mbebaji wa pembe ni mtumwa mwenye minyororo. Utafiti wa Stephen Rockel uliochapishwa mwaka 2006 umeonyesha vingine: wengi wa wapagazi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliojadiliana malipo, waliogoma, waliokuwa na nyimbo na fahari ya kazi yao. Watumwa walikuwapo, na mateso yao si ya kupunguzwa. Lakini makumbusho yanayohama kutoka kimya hadi huruma bila kupitia maarifa humwacha mpagazi pale pale alipokuwa, bila kauli. Kwanza hakuonekana. Sasa anaonekana akilia tu.

Tamati

Mapambano juu ya vibao vya maelezo hayajakwisha. Mwezi Machi 2025 amri ya rais wa Marekani iliagiza kuangaliwa upya kwa yale yanayoonyeshwa katika makumbusho ya Smithsonian na katika maeneo ya kihistoria yaliyo chini ya serikali ya shirikisho, kwa hoja kwamba baadhi yake yanawadunisha Wamarekani wa kale. Salem na Lowell ni miongoni mwa maeneo ya serikali hiyo, ilhali Monticello, Williamsburg na nyumba ya mawe ya Deep River ni za wakfu na vyama. Ama kwa hakika, nani atakayeandika kibao kinachofuata ni swali la mamlaka kabla ya kuwa swali la mtindo.

Kwa upande wa wasomi wa Kiswahili, funzo ni la kazi zaidi kuliko la lawama. Monticello ilipata majina ya watenda wake kwa sababu watu walikwenda kuwasikiliza wazao. Nyimbo na hadithi za wapagazi, msamiati wa misafara, majina ya nguo na ya vipimo vya pembe bado ni uwanja wa wanafunzi wa Tabora, Bagamoyo, Unguja na Mombasa, na wazee wanaoyakumbuka hawangoji mihula ya chuo. Funguo ya piano iliyo katika kabati la Connecticut ina kibao kinachosema ilitengenezwa wapi. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo, ile inayoanza na "na", haiwezi kuandikwa Connecticut peke yake.